Kalamu Nyekundu na Maji ya Ngarambe

Hapa Kibiti tulikuwa na daftari moja. Kauntabuku nene, jalada gumu, la aina ile wanayoandikia madeni wenye maduka. Lilizunguka mikononi mwa watu saba, wote tumemaliza kidato cha nne, wote hatukuendelea, na wote tuna hakika kwamba ipo siku jina letu litachapwa juu ya jalada la kitabu. Kila mmoja analala nalo siku tatu, anaandika sura yake, kisha anampa mwenzake pale stendi. Ukurasa wa kulia ni wa hadithi. Wa kushoto unaachwa wazi, ni wa wenzako kukuambia wameonaje.

Watu wa hadithi zetu hatukuwabuni wenyewe. Tuliwaazima. Mshikaji mmoja alimchukua Joram Kiango wa marehemu Ben Mtobwa, akamshusha usiku wa manane kutoka kwenye basi la Lindi na bastola ndani ya mfuko wa korosho. Mwingine akamchukua Willy Gamba wa marehemu Elvis Musiba. Mimi, kwa kujidai kwangu, nikajichukulia mkubwa kuliko wote: Kinjeketile, mtu wa kwetu Rufiji. Na dada mmoja, ambaye sitamtaja jina, akamtoa Bwana Msa kisiwani Unguja akamleta delta.

Sasa ndugu msomaji, naomba nikiri kosa, maana bila hilo kosa nisingeandika makala haya. Dada yule alimfikisha Bwana Msa Nyamisati, akampandisha mtumbwi, akamwonyesha maiti iliyonasa kwenye mizizi ya mikoko. Wenyeji wanasema ni kazi ya jini. Bwana Msa anawasha kiko chake, hasemi neno, halafu anauliza jana maji yalijaa saa ngapi. Ilikuwa sura nzuri. Leo naweza kusema hivyo. Siku ile nilichukua kalamu nyekundu, nikaujaza ukurasa wote wa kushoto. Nilihesabu makosa ishirini na tatu. Nukta, herufi kubwa, "r" na "l", na mwisho kabisa nikaandika kwa herufi kubwa: HUYU SI BWANA MSA, HUYU NI MVUVI ALIYEPEWA KIKO. Daftari lilipozunguka, wenzangu walicheka mpaka machozi. Nilitembea wiki nzima kifua mbele, najiona mhakiki.

Zamu yake ilipofika tena, alilipitisha bila kuandika kitu. Mwezi uliofuata akarudi kwao visiwani, msimu wa mpunga ulikuwa umeanza. Hakuaga.

Kilichonifanya nianze kuchimba historia ni jirani yetu, mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Mohoro, mwenye sanduku la vitabu ambalo mchwa wamelila pembe moja. Nilimpelekea daftari ili aisome hadithi yangu. Akaisoma, lakini akasoma pia ukurasa wangu mwekundu. Akavua miwani.

"Kijana wangu, huyo Bwana Msa unayemlinda, unajua alikotoka?"

"Alitoka kwa Muhammed Said Abdulla, Mwalimu."

"Na Muhammed Said Abdulla alimtoa wapi?"

Nikatoka kapa. Basi nawe msomaji kama hujui, sikiliza. Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari aliyezaliwa 1918, alipeleka mswada wake kwenye shindano la uandishi la 1957 hadi 1958 lililoendeshwa na East African Literature Bureau. Mswada huo ulishika nafasi ya kwanza, ukachapishwa 1960 kwa jina la *Mzimu wa Watu wa Kale*. Mtafiti wake anavuta kiko, anaona vitu vidogo ambavyo wengine wanavipita, na ana rafiki yake, Najum, anayefuatana naye na kushangaa kwa niaba yetu sote. Yeyote aliyemsoma Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle anamtambua mara moja. Kwa maneno mengine Bwana Msa naye ni mtu wa kuazimwa, aliyevishwa hali ya Unguja, uchawi wake, mizimu yake na fitina zake za urithi. Hebu fikiria kama majaji wa lile shindano wangekuwa na kalamu yangu nyekundu. Wangeandika: huyu si Holmes, huyu ni Mzanzibari aliyepewa kiko. Tusingepata *Kisima cha Giningi* wala *Duniani Kuna Watu* wala vingine vilivyofuata.

Na hata huyo Holmes hakuwa mali ya mwandishi wake peke yake. Conan Doyle alimchoka, akamwua kwenye hadithi ya 1893. Wasomaji wakalalamika miaka nenda rudi, na mwaka 1903 ikatoka hadithi ya kumrudisha akiwa mzima. Wasomaji walikosoa, mwandishi akasalimu amri. Kama walikosoa vizuri au walilia tu kama watoto walionyang'anywa andazi, hilo ni jambo jingine.

Nikamwuliza Mwalimu: zamani hapa kwetu watu walikosoana vipi, kabla ya vyuo na wahakiki wake? Akacheka. Akasema kwa mashairi.

Hilo nililisoma shuleni kama kitu cha kujibia mtihani, lakini sikuwahi kulifikiria. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi mwishoni mwa karne ya 18 na miongo ya mwanzo ya karne ya 19, alitunga mengi ya mashairi yake akiwajibu watu: washairi wa Lamu, wapinzani wa mji wake, marafiki, wenye kumdai. Desturi ya kujibizana ikaendelea hadi kwenye magazeti. Gazeti la *Mambo Leo*, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923 na serikali ya Waingereza, lilikuwa na kurasa za mashairi, na humo mtu wa Tanga alimjibu mtu wa Tabora ambaye hajapata kumwona kwa macho. Mmoja anafumba, mwingine anafumbua. Mmoja anakosea mizani, mwingine anamkumbusha.

Angalia jinsi mtambo huo unavyofanya kazi. Ukitaka kumwambia mwenzio kwamba shairi lake lina kasoro, huandiki "kina cha kati kimevunjika" ukaenda zako. Unatunga shairi. Mara nyingi unafuata bahari ileile, mizani nane kwa nane, na mara nyingine vina vyake vilevile. Ukiteleza wewe, wasomaji wa nchi nzima wanakuona. Kwa hiyo mkosoaji anaingia uwanjani na viatu vilevile anavyovaa mkosolewaji. Mimi na kalamu yangu nilikaa jukwaani nikapiga mluzi.

Sisemi kwamba zamani kulikuwa na heshima tupu. Washairi walichanana. Lakini hata tusi lilitakiwa liwe na vina.

Mkosoaji wa aina nyingine akaja na muhuri. Mwaka 1930 serikali za kikoloni za Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar ziliunda Kamati ya Lugha, ambayo pamoja na kazi zake nyingine ilisoma miswada ya vitabu vya shule, ikasahihisha Kiswahili chake na kutoa kibali. Kamati hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, mwaka 1964. Ilifanya kazi kubwa, siwezi kuikataa, hata hii tahajia ninayoandikia ni matunda yake. Lakini mwanzoni waliokaa mezani na kuamua lipi ni Kiswahili safi walikuwa Wazungu, na mwenye lugha yake alisubiri nje. Nikikumbuka zile "r" na "l" nilizozizungushia duara kwenye sura ya dada yule, najiuliza nilikuwa nakosoa hadithi au nilikuwa napiga muhuri. Mvuvi wa kwenye sura yake alisema vile wanavyosema wavuvi.

Sheria za ushairi zenyewe ziliandikwa kitabuni na Mwafrika, tena aliyezipenda. Kaluta Amri Abedi, ambaye baadaye alikuwa meya wa Dar es Salaam na waziri wa sheria, alitoa *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri* mwaka 1954. Ona jina la kitabu: anatoa sheria, kisha anatoa tungo zake ili umpime kwa sheria hizohizo. Hapo nampigia saluti.

Miaka ishirini baadaye vumbi likatimka. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, kijana wa Ukerewe aliyekuwa tayari ametoa riwaya ya *Rosa Mistika* (iliyopigwa marufuku mashuleni, na baadaye ikaja kuwa kitabu cha kusomwa humohumo mashuleni, mambo ya dunia hayo), alitoa diwani ya *Kichomi*. Haikufuata vina wala mizani. Alitaka ushairi usogee karibu na maneno ya watu ya kila siku. Wenye kushika mapokeo wakasema hayo si mashairi. Wengine wakayaita guni, neno la zamani la shairi lililoharibika. M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi wakaingia upande wa mabadiliko: wakatoa *Malenga wa Bara* mwaka 1976, na baadaye *Kunga za Ushairi na Diwani Yetu*, wakidai kwamba vina na mizani ni pambo, roho ya shairi iko kwingine. Upande wa pili walisimama watu wazito, miongoni mwao Abdilatif Abdalla wa Mombasa, ambaye *Sauti ya Dhiki* yake aliitunga akiwa mfungwa wa kisiasa Kenya, na Ibrahim Noor Shariff, aliyetoa *Tungo Zetu* mwaka 1988.

Nilimwomba Mwalimu aniambie nani alishinda. Alikataa. Akasema nisome wote halafu nimwambie mimi. Nilisoma vile alivyokuwa navyo, na hukumu yangu, ya mtu wa kidato cha nne, ni hii: ugomvi ule ulikuwa mtamu pale watu walipoulizana shairi ni nini, na ulikuwa mchungu pale ulipoteleza ukawa nani ni Mswahili wa kweli na nani ni wa bara. Swali la kwanza lilizaa vitabu pande zote mbili. La pili lilizaa nini, sijakiona. Leo mwanafunzi anafundishwa shairi la kimapokeo na la kisasa katika kipindi kimoja. Kezilahabi hakunyamaza, alitoa *Karibu Ndani* mwaka 1988 na *Dhifa* mwaka 2008, akafariki 2020. Alipondwa na watu waliojua wanachokiponda. Nadhani hilo lina tofauti na kupondwa na mtu anayetaka kuchekesha kijiwe.

Kidogo kuhusu kina Musiba na Mtobwa, kwa sababu mshikaji wangu wa Joram Kiango atanuna nisipowataja. Wahakiki wengi wa chuo kikuu walizitazama riwaya zao kwa pembe ya jicho, zikaitwa riwaya pendwa kwa sauti ileile ambayo mtu anasema chakula cha mtaani. Vijana walizisoma mpaka kurasa zikang'oka. Basi.

Turudi kwa Kinjeketile, maana hapo ndipo mimi nilipokosolewa.

Habari yenyewe kila mtu wa Rufiji anaijua kwa namna yake. Mwaka 1904 Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alipandwa na mzimu wa Hongo. Inasimuliwa kwamba aliingia majini, akapotea, na kesho yake akatoka akiwa mkavu. Akaanza kugawa maji ya dawa, na watu wakamiminika Ngarambe kutoka Umatumbi na mbali zaidi. Julai 1905 watu wa Nandete waling'oa pamba ya Wajerumani na vita ikaanza. Tarehe 4 Agosti 1905 Kinjeketile alinyongwa Mohoro, siku chache tu tangu vita ianze. Vita yenyewe iliendelea hadi 1907, na waliokufa, wengi wao kwa njaa baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala, wanakisiwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000.

Kisa hiki kimeandikwa na kuandikwa tena, na ukitazama vizuri kila mwandishi alikuwa anamkosoa aliyemtangulia, hata kama hakumtaja. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga *Utenzi wa Vita vya Maji-Maji*, akiitazama vita kwa jicho la mtu wa mji wa pwani. Nyaraka za Wajerumani zilisema lao: ushirikina wa washenzi. Kisha miaka ya 1960 mwanahistoria G. C. K. Gwassa alikwenda kuwauliza wazee wenyewe, na mwaka 1968 yeye na John Iliffe wakatoa kumbukumbu za vita hivyo zikiwa na sauti za waliokuwapo. Mwaka uliofuata, 1969, Ebrahim Hussein akatoa tamthilia ya *Kinjeketile*, na humo akatuonya mapema kwamba huyu wake si yule wa historia, ni kiumbe cha ubunifu. Yaani kafanya kama sisi wa daftari, ila yeye alikuwa fundi. Kinjeketile wake ana shaka. Amewapa watu neno la umoja, watu wameshika maji, na mwisho anakataa kuyakana maji hayo mbele ya Wajerumani, kwa sababu anajua Wajerumani watalifanyia nini neno lake.

Wangu mimi hakuwa na shaka hata kidogo. Alihutubia kurasa kumi na moja mfululizo. Maelfu wamesimama wanamsikiliza, jua linazama nyuma yake, ngoma zinalia. Niliona nimetisha.

Mwalimu alipomaliza kusoma hakuchukua kalamu. Aliuliza kitu kimoja.

"Hawa maelfu walikula nini?"

"Shikamoo Mwalimu, sijaelewa."

"Shikamoo ulishaniamkia asubuhi. Nakuuliza, watu wametoka Umatumbi kwa miguu, siku mbili, tatu. Wamefika Ngarambe. Nani aliwapikia?"

Nilifungua mdomo nikaufunga. Halafu akaligeuza daftari, akaniwekea kidole kwenye ukurasa wa kushoto wa sura yangu ya kwanza, mahali ambapo sikuwa nimepatazama tangu siku daftari liliponirudia. Kulikuwa na mwandiko mdogo wa penseli. Mwandiko wa yule dada. Uliandikwa kabla sijamshushia kalamu nyekundu. Alikuwa ameandika: *Imenikamata hapo alipotoka majini. Mke wake alikuwa wapi usiku ule?*

Mstari mmoja na nusu. Nilikuwa nimeupita kwa sababu haukuwa sifa wala tusi, na wakati ule sikujua kama kuna kitu cha tatu.

Nilikwenda kuisoma upya tamthilia ya Hussein, nakala ya Mwalimu isiyo na jalada. Unajua inaanzia wapi? Inaanza na wanawake wawili, mke wa Kinjeketile na mke wa Kitunda, wanazungumzia shida ya chakula, huku mwanamume amejifungia ndani. Nilishaisoma mara mbili, nikaruka hapo nikikimbilia vita.

Basi nikaanza upya. Kurasa kumi na moja za hotuba nilizichana, na nakwambia iliuma kama kung'oa jino. Sura ya kwanza sasa ni ya mwanamke anayepima mtama kwa kata, anahesabu wageni waliolala uani, anahesabu tena mtama. Ilinichukua miezi minne. Nilipomaliza nikapanda gari hadi Nyamisati na daftari ndani ya mfuko wa nailoni, nikasubiri maji yajae, nikapanda boti.

Nilimkuta yeye na mdogo wake juu ya dungu, wanaamia ndege shambani. Nilikuwa nimejiandalia hotuba ya kuomba radhi, nzuri, yenye mafungu matatu. Nikasema, "Dada, nilikukosea." Akasema, "Ulinikosea kweli." Akanipa mkono nikapanda.

Nilimpa daftari. Hakufungua sura yake, alifungua yangu. Alisoma taratibu, mara kwa mara akisimama kuvuta kamba ya makopo, ndege wanaruka, anaendelea. Nilitazama mikoko. Mdogo wake aliniuliza kama Kibiti umeme unawaka usiku kucha, nikamjibu sijui nini.

Alipofika mwisho akaniomba kalamu. Nikampa ya bluu. Akaigeuza mkononi, akaitazama, akatabasamu upande mmoja, kisha akaandika kwenye ukurasa wa kushoto. Nilisoma nikiwa kwenye boti, maana alinikataza kufungua pale.

*Mtama nimeuona. Ngarambe ni mbali na bahari. Chumvi walitoa wapi, na nani aliibeba?*

Kwenye ukurasa wa sura yake mwenyewe hakuandika kitu. Daftari nimemwachia mwezi mmoja mwingine nilipokwenda mara ya pili. Habari za chumvi bado namwuliza Mwalimu.